Kuongezwa kwenye kundi la WhatsApp bila hodi: iwe lazima tuulizwe kwanza?

Mleta mada

Wakuu, habari za mchana. Jumanne nimeamka nikakuta simu ina ujumbe 214 kutoka kundi ambalo wakati nalala halikuwepo. Jina la kundi ni majina mawili yenye moyo katikati, na picha ni ya wachumba waliovaa vitenge vya kufanana. Bwana harusi nilimkumbuka kwa shida, tulifanya kazi pamoja miezi minne mwaka 2016. Bibi harusi simjui. Namaliza kupiga mswaki, tayari orodha ya michango imebandikwa na mimi ni namba 87. Jina langu lipo, mbele yake pameachwa wazi pakisubiri ahadi.

Hilo ni la tano mwaka huu, na bado sijahesabu vikoba.

Watu wanaitaka mitandao ituletee mengi. Mmoja anataka kitufe cha kutopenda, mwingine anataka kujua nani kamchungulia ukurasa wake, mwingine anataka voisi za Kiswahili zigeuzwe maandishi. Hili la voisi hata mimi nalitaka, maana shangazi yangu hutuma za dakika saba na habari yenyewe iko kwenye sekunde kumi za mwisho. Lakini nikipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja tu, naomba hodi.

Mtu akija kwangu, hata kama mlango uko wazi na ananiona nakula, atasimama nje apige hodi. Nisipoitika mara tatu, anaondoka. WhatsApp inamruhusu mtu huyohuyo anibebe usingizini na kunikalisha katikati ya watu mia mbili, namba yangu ya simu ikiwa kifuani.

Najua mtasema mpangilio upo. Upo tangu Aprili 2019: unachagua nani anaweza kukuongeza kwenye makundi. Ila usipougusa, uko kwenye "kila mtu", na wengi hatujawahi kuugusa. Tena mwanzoni kulikuwa na chaguo la "hakuna mtu". Novemba mwaka huohuo wakaliondoa, wakaweka "watu walio kwenye simu yangu, isipokuwa…", kwa hiyo ukitaka kujifungia kabisa inabidi uwakatae watu wako jina kwa jina. Agosti 2025 wakaleta ukurasa wa tahadhari unaotokea ukiongezwa na mtu usiyemjua. Sawa, ni kitu kizuri kwa matapeli. Lakini tatizo langu halitoki kwa wageni, linatoka kwa watu ambao namba zao ninazo.

"Si utoke tu?" Tangu Agosti 2022 ukitoka haitangazwi kwa wote, anaarifiwa admini peke yake. Kwenye kamati ya harusi, admini ndiye hasa usiyetaka ajue! Na waliobaki wakifungua taarifa za kundi wanaona orodha ya waliotoka ndani ya siku 60. Kutoka kimyakimya gani huko?

Ninachotaka ni rahisi. Simu iniambie: fulani anakupigia hodi, kundi la michango, watu 212. Chini yake vitufe vitatu: karibu, samahani, baadaye. Na kabla sijajibu, jina langu na namba yangu visionekane na mtu. Iwe hivyo kwa kila simu tangu siku inatoka dukani. Mnasemaje?

Mweka hazina

Mleta mada, mimi ni miongoni mwa hao wanaokubeba usingizini. Nimeshika hazina ya harusi tatu ndani ya miaka miwili, acha niseme upande wetu.

Zamani tulikuwa tunapeleka kadi za michango kwa mkono. Unapanda daladala mpaka Mbagala kumpelekea mtu kadi, unamkosa, unarudi kesho. Nusu ya nauli ilitoka mfukoni mwa mama yangu. Sasa hivi nafungua kundi saa mbili usiku na saa tatu watu wote wana taarifa. Ukiweka hodi, mwenye pesa na asiye nazo wote watabonyeza "baadaye", na hiyo baadaye haitafika.

Nikiri jambo ambalo kamati nyingi hazisemi: orodha inafanya kazi kwa sababu inaonekana. Namba 86 katoa 50,000 ya singo, yaani kadi ya mtu mmoja, namba 88 katoa laki ya dabo, kadi ya wawili, wewe 87 uko katikati na nafasi tupu. Ndiyo, inauma. Lakini ukumbi unalipwa hivyo.

Kama ni kuomba WhatsApp waboreshe kitu, waboreshe orodha. Mnajua inavyokwenda. Orodha iko ndani ya ujumbe, mtu anaikopi, anaongeza jina na kiasi, anaibandika upya. Watu wawili wakikopi dakika ileile, wa pili anamfuta wa kwanza bila kujua. Mwezi wa nne kuna mama alitoa laki akapotea namna hiyo. Alifika mlangoni mwa ukumbi amesuka, amevaa sare, ana skrinishoti ya muamala mkononi, na jina lake halipo kwa mtu wa kadi. Alisimama pale dakika ishirini, watoto wa jirani yake wakimpita. Mimi nililia chooni. Kura tunazo tangu 2022, tunazitumia kuchagua rangi ya sare. Orodha moja inayokaa mahali pake, kila mtu akajaza mstari wake bila kugusa wa mwenzake, mpaka leo nasubiri.

Kijana wa magrupu

Mzee mbona unajitesa? Zima sauti, peleka kwenye kumbukumbu, maisha yaendelee. Mimi niko kwenye magrupu 41, nasoma matatu.

Mleta mada

Nikizima sauti, namba 87 inafutika?

Fundi simu, Kariakoo

Marekebisho kidogo kwa mleta mada. Huhitaji kuwakataa jina kwa jina. Ingia Mipangilio, Faragha, Makundi, chagua hilo la "isipokuwa", juu kuna alama ya kuchagua wote. Gusa mara moja, wote wametiwa tiki. Baada ya hapo anayetaka kukuongeza anaambiwa akutumie mwaliko binafsi, na mwaliko huo una siku tatu, ukipita umekufa. Hiyo ndiyo hodi yako.

Nawawekea wateja wengi, hasa wakina mama wa vikoba. Wakija na kioo kilichopasuka nawauliza kabisa: na makundi nikufungie? Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kwamba kipo. Kwa hilo nakubaliana na wewe. Kitu kilichofichwa hatua tatu ndani hakijawekwa kwa ajili ya watu.

Mdau wa Eldoret

Huku Kenya ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba sisi tunaanza na bili ya hospitali, inafuata matanga, halafu karo. Neno harambee liko kwenye nembo ya taifa, kwa hivyo ukitoka kwenye kundi unaonekana umeisaliti nchi.

Kuna mtu aliniambia nishtaki, eti namba yangu ni data yangu. Nikaisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Inaacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani. Binamu yako akikuweka kwenye kundi la michango, hakimu hana neno. Kwa hivyo anayeweza kubadilisha kitu hapa ni mwenye programu tu.

Na msiseme hawasikii. Kuna wakati Twitter ilikuwa ikiona Kiswahili inadhani ni Kiindonesia. Watu wakapiga kelele kwa alama ya #SwahiliIsNotIndonesian, na mwaka 2018 Kiswahili kikatambuliwa. Kelele zenyewe zilikuwa nusu utani. Hili la hodi tukilikazania linaweza kufika.

Niliye Maskati

Assalaam alaykum. Mimi nitasema kinyume, na mnisamehe kama nitaharibu mazungumzo ya harusi.

Mwaka juzi nilikuwa zamu ya asubuhi. Kazini kwetu simu zinakaa kabatini. Saa nane mchana nafungua kabati, naona nimeongezwa kwenye kundi, na jina la kundi ni "Msiba wa" halafu jina la baba yangu mdogo. Picha ya kundi ni yeye, ile ya kitambulisho. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Nilikasirika? Nilikasirika, ndiyo. Lakini nilipotulia nikasoma kuanzia juu. Nani anaosha, nani amekwenda kuangalia kaburi, nani anampokea dada anayetoka Tanga, maiti itatoka nyumbani saa ngapi. Nilifuata mazishi yote ya siku ileile, saa moja nyuma ya saa yangu, neno kwa neno. Ningepigiwa hodi, ningeikuta saa nane, ningeitika saa nane. Anayeingia saa nane hakuti yaliyosemwa saa tatu, labda apatikane wa kumtumia. Na siku ile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtumia mtu chochote.

Mleta mada

Pole sana, ndugu yangu. Mungu amrehemu.

Hapo umenibana, sitajifanya. Jibu langu la kwanza lilikuwa: habari kama hiyo inafaa kupigiwa simu, mtu asiikute kwenye jina la kundi.

Niliye Maskati

Nilipigiwa mara nne. Simu ilikuwa kabatini.

Mleta mada

Basi nirekebishe ombi. Hodi ibaki, ila ukiitika ukute yote yaliyosemwa tangu siku ulipopigiwa. Ulikuwa nje, lakini kiti chako kilikuwa kimewekwa. Kwa msiba hutakosa kitu, na kwa harusi bado nina haki ya kusema samahani. Kama hilo haliwezekani kiufundi, fundi aseme.

Fundi simu, Kariakoo

Kwa Telegram admini anaweza kuruhusu wanaoingia waone ya nyuma. Kwa WhatsApp ni shughuli, kwa sababu ujumbe unafungwa kwa funguo za waliopo wakati unatumwa. Ambaye hajaitika hana ufunguo. Inawezekana, ila itabidi mtu aliye ndani amfungulie. Na ni nani huyo? Ni yuleyule admini.

Kijana wa magrupu

Kumbe mzee anamkimbia admini halafu anataka amfungulie mlango 😂

Mweka hazina

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Nilisema nipinge kwa vitendo badala ya maneno, nikafanya kama mleta mada anavyotaka. Harusi ya nne, sikumbeba mtu. Nimetuma linki mmoja mmoja na salamu, watu 190.

Walioingia wenyewe ni 74. Kati yao 69 wameshatoa, jumla Sh 4,830,000. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyenung'unika, na ajabu ni kwamba sijamkumbusha mtu hata mara moja. Harusi iliyopita niliwabeba 212, wakatoa 131, na niliandika makumbusho mpaka bwana harusi mwenyewe akaona haya.

Sasa bajeti ni milioni 14. Hao 74 wananipendeza, lakini hawafiki hata nusu ya chakula. Kikao ni Jumapili saa tisa na mwenyekiti ameshaniuliza kwa nini kundi ni dogo.

Halafu kuna mama mkubwa wa bibi harusi. Linki aliiona, hakujua kwamba inabonyezwa. Ameshawaambia ndugu wa Moshi kwamba kamati imemtenga. Mleta mada, huyu na hodi yako ungemfanyaje?

Mleta mada

Huyo ningempigia simu.

Mweka hazina

Nimempigia. Anasema hataki simu, anataka awekwe kama wenzake.