Yule fundi wa Ngamiani amenifomatia diski yenye mama yangu, na bado ananidai elfu arobaini

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mniwie radhi nikikosea herufi. Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi na sitaki.

Watu wa Ngamiani mnamjua, sina haja ya kutaja jina wala barabara ya ngapi. Yule mwenye meza nje imejaa maganda ya simu, ambaye kila ukimpelekea kitu anasema "hiyo kitu kidogo sana dada". Huyo huyo. Mpelekee meli iliyozama bandarini, atakwambia kitu kidogo, niachie mpaka saa kumi.

Leo amenifomatia diski. Amefomati! Miaka tisa ya nyumba yangu ameifomati huku anatafuna kachori!

Naanza mwanzo. Nyumbani kwangu Makorora nina NAS, kile kisanduku cha diski kinachochomekwa kwenye ruta, simu za nyumba nzima zinamwaga picha humo kila usiku. Ndani mna diski mbili za terabaiti 4, zimepangwa RAID 1, yaani kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile. Nilipanga hivyo makusudi, moja ikifa nyingine inibakie. Ijumaa usiku umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, bulbu mbili za sebuleni zikapasuka. Kulipokucha kisanduku hakiwaki sawasawa, taa inapepesa tu, na ukitega sikio unasikia ndani tk, tk, tk, kama mtu anagonga mlango kwa kucha.

Nikampelekea leo saa nne asubuhi. Mdogo wangu shahidi, nilimwambia hivi: "Kisanduku sikitaki, hata ukikitupa. Nataka vilivyomo." Akasema kitu kidogo.

Saa saba kasoro robo narudi. Nakuta diski moja imelazwa juu ya gazeti, nyingine imechomekwa kwenye kompyuta yake, na kwenye kioo kuna mstari wa kijani unatambaa. Asilimia 31. Nikamuuliza, hiyo inafanya nini? Akanyoosha kidole kina mafuta ya kachori, akakigusa kioo chenyewe, akaacha doa la duara pale pale mwisho wa mstari, akasema: "Ilikuwa haisomi dada, kompyuta imesema mpaka ifomatiwe. Hii ikifika mwisho itakuwa mpya kabisa."

MPYA KABISA.

Nani alimwomba mpya? Ningetaka mpya ningekwenda dukani! Mtu anakuletea mgonjwa umtibu, wewe unamzika halafu unamwambia subiri nikuzalie mwingine?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ufundi sijasomea, lakini hata mimi najua Windows haisomi diski za NAS kwa sababu ndani mle ni Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, zimeandikwa kwa ext4 au Btrfs, mipango ya Linux ya kuhifadhi mafaili. Haisomi maana yake haijui lugha ile, diski haijafa! Ni kama umempa mtu barua ya Kiarabu na herufi zake hazijui, badala ya kumtafuta anayesoma, yeye anaichovya kwenye ndoo ya maji. Halafu sikilizeni. Angefomati ile ya haraka ningekuwa na pa kushika, maana ile inafuta orodha tu, mafaili yenyewe yanabaki chini. Yeye ametoa tiki ya "haraka" kwa mkono wake ili, maneno yake hayo, "isafishike vizuri". Na fomati kamili ya Windows, tangu toleo la Vista, inaandika sifuri mwanzo hadi mwisho wa diski. Ilipopita imepita. Hakuna programu ya kurudisha sifuri.

Nikachomoa waya. Unajua alisema nini? "Utaiua diski dada!" MIMI ndiye nitaiua!

Mle ndani mna mama yangu. Mama amefariki 2021. Mwaka 2018 nilimrekodi barazani anasuka ukili, wajukuu wamemzunguka, dakika 47. Anaanza kwa kukohoa kidogo, anaulowesha ukili kwenye bakuli, anasema "Paukwa!" na watoto wanaitikia "Pakawa!" na yule mdogo anachelewa, anasema "kawa" peke yake, wote wanacheka, mama anacheka mpaka ukili unamtoka mkononi. Sauti yake sina mahali pengine popote. Watoto wangu wanaitazama kila Idi. Sijui imo kwenye ile asilimia 31 au imo kwenye iliyobaki. Sijui, na yeye kidole chake cha kachori kipo pale, "itakuwa mpya kabisa".

Halafu akanidai elfu arobaini. Ya kazi. Nikamuuliza kazi gani? Akasema kufomati.

Nawasilisha. Asinitokee mtu na "samehe dada". Leo sisamehi.

Pweza wa Raskazone
Nimeshavuta kiti. Endeleeni.

Mzee wa Fyuzi
Umeandika gazeti zima, kwa kifupi hukuwa na bekapu. RAID 1 si bekapu, tumeimba humu mpaka sauti zimekauka. Inakulinda diski moja ikifa, basi. Ukifuta faili linafutika kote kuwili sekunde ile ile, na radi ikipiga inapiga kisanduku kizima. Sheria ni 3-2-1: nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikae nje ya nyumba. Hata kwa shangazi yako Pongwe. Mwalimu mzima.

Mama Ukili (mwenye uzi)
@Mzee wa Fyuzi nimekubali sikuwa na nakala ya tatu, mshahara wangu unaujua wewe? Diski moja ya terabaiti 4 naila miezi miwili! Lakini zilikuwepo MBILI, na nilimpelekea zote mbili, na hakuna sheria ya 3-2-1 inayosema ukimpa fundi diski aifomati! Kidole kile bado nakiona.

Dago la Kigombe
Mafaili ya Tanga waja leo, waondoka leo 😂😂

Binti Mikanjuni
Pole sana dada yangu, wallahi nimesoma pale pa "kawa" nimelia. Huyo mtu namjua vizuri. Mimi nilimpelekea simu abadilishe kioo tu, ikarudi na kioo kizuri lakini nikipiga naongea mimi peke yangu, wa upande wa pili hanisikii. Nikamrudia akaniambia "si umeleta kioo dada?"

Chumvi Nyingi
Hii chai. Fundi gani wa mtaani ana kompyuta ya kufomati terabaiti 4 kwa saa mbili? Mimi ya terabaiti 1 ilikesha.

Kamba ya Mkonge
@Chumvi Nyingi soma vizuri. Hakumaliza, alifika 31. Diski ya kawaida ikiandika megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 4 ni kama saa saba na nusu. Saa mbili na robo, theluthi inaondoka. Hesabu inakaa. Yako ilikesha kwa sababu uliichomeka kwenye tundu la USB la zamani.

Dada Mama Ukili, weka hasira pembeni dakika mbili unisikilize. Ile diski iliyofomatiwa usiichomeke tena popote, hata kwa kuangalia tu. Mtafute mtu wa Linux aichukue picha nzima, yaani nakala ya diski yote kama ilivyo, kwa programu ya ddrescue kwenda diski nyingine isiyopungua ukubwa huo, halafu kazi yote ifanyike kwenye ile picha. Kama ilikuwa ext4, mfumo ule unaweka nakala za superblock, yale maelezo ya jinsi diski ilivyopangwa, sehemu nyingi za diski, huenda zilizobaki zikatosha kufungua baadhi ya mafolda. Zikikataa, kuna PhotoRec, ya bure, inatafuta picha na video kwa alama za mwanzo wa faili. Majina utayakosa, utapata maelfu ya mafaili yenye namba tupu, itabidi ukae nayo moja moja. Na video ndefu ikiwa imekatikakatika kwenye diski inaweza kutoka kipande.

Lakini swali langu ni moja. Diski ya pili iko wapi? Ile ya kwenye gazeti?

Mama Ukili
@Kamba ya Mkonge alisema ile ndiyo mbovu, ndiyo inayogonga. Niliondoka na hii niliyochomoa. Ile imebaki kwake.

Kamba ya Mkonge
DADA. RAID 1 hiyo! Ile nayo ina kila kitu, nakala kamili, pamoja na mama yako! Na kugonga si lazima iwe imekufa. Umesema taa ilikuwa inapepesa. Hivyo visanduku vingi vya nyumbani vinakula adapta ya volti 12, umeme ukiruka adapta inachoka, inatoa umeme mdogo, diski inajaribu kuzunguka inashindwa, inagonga. Huenda ugonjwa wote ulikuwa adapta. Nenda kaichukue SASA HIVI kabla hajaifanya mpya kabisa. Na wewe usiiwashe, maana kama ni vichwa vya ndani vya kusomea kweli vimeharibika, kila ukiwasha vinakwangua sahani, na hiyo inafunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi tu.

Mama Ukili
Yaani adapta??? Adapta???? Amefomati mama yangu kwa ajili ya ADAPTA?

Nimempigia mara sita hapokei.

Binti Mikanjuni
Pengine anapokea ila sauti haitoki, amejiwekea kioo mwenyewe.

Mzee wa Fyuzi
Nasisitiza, hata stebilaiza hakuwa nayo. Watu mnachomeka kitu cha laki nane moja kwa moja ukutani.

Bamvua
Mzee wa Fyuzi acha kumwandama mwalimu, wewe mwenyewe mwaka jana ulileta uzi hapa unalia pampu ya kisima imeungua. Stebilaiza ilikuwa wapi?

Mzee wa Fyuzi
Ile pampu iliunguzwa na fundi! Alifunga waya kinyume! Na bado akaniambia maji ya Duga yana chumvi ndiyo yameunguza koili. Nilimlipa nusu, nusu nikamwambia aifuate kisimani.

Pweza wa Raskazone
Mafundi wa pampu tusiwaguse, hao wana uzi wao.

Dago la Kigombe
Kuna wa cherehani je? Nilimpelekea mke wangu cherehani yake kwa fundi irekebishwe, sindano inakata uzi, ikarudi haikati uzi, inakata kitambaa. Gauni la harusi ya shemeji limetoka na madirisha.

Mama Ukili
Niko nje ya duka lake. Limefungwa, saa kumi na mbili kasoro. Meza ameiingiza ndani. Nachungulia kwenye upenyo wa mlango naliona gazeti, diski siioni. Anayejua anapokaa aniambie tafadhali. Siendi kugombana. Nataka ile diski tu.

Binti Mikanjuni
Dada anakaa Majani Mapana, lakini jioni hii utampata kule wanakocheza bao. Nenda na mdogo wako usiende peke yako.

Kamba ya Mkonge
Ukiipata ifunge kwenye kitambaa, usiitikise, nitumie ujumbe pembeni. Mashine ya Linux ninayo, diski ya kupokelea tutaazima. Sitaki hela.

Nguru Mbichi
Huyo wa bao si ndiye anayetengeneza na mafriji? Mwembamba, ana pengo? Kama ndiye basi mwambieni NAMTAFUTA. Alinijazia gesi friji langu la biashara Jumamosi, akaniambia likae saa sita kabla ya kuwasha. Nikakaa saa sita. Nimewasha, linavuma kama lori la Kange, baridi hakuna. Nguru wa laki mbili na nusu nimewatoa wamelegea, nawauzia wapi wale?

Chumvi Nyingi
Gesi ipi alikuwekea? Maana siku hizi wanachanganya.

Nguru Mbichi
Sijui mtungi ule, hauna hata maandishi, umepakwa rangi ya mlango. Nguru kumi na mbili bwana! Nilikuwa nimewanunua Deep Sea alfajiri, macho yanang'aa!

Bamvua
Laki mbili na nusu nguru kumi na mbili? Umenunua kwa nani? Mimi jana nimepigwa elfu thelathini kwa mmoja, na mdogo vilevile.

Dago la Kigombe
Elfu thelathini?? Huyo muuzaji si yule wa boti ya kijani?

Bamvua
Huyo huyo! Fungua uzi tumseme.