Chipu zetu za Monopoly zimebebwa eti tunacheza kamari! Nataka sanduku langu

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, kwenye mgahawa mmoja hapa Chikongola, Mtwara mjini, tumeinuliwa mezani watu sita wazima, na sanduku letu la chipu, vile vidude vya duara vya plastiki tunavyotumia badala ya pesa za mchezo, likabebwa na mjumbe mbele ya wateja. Kosa: kucheza kamari. Mchezo wenyewe ni Monopoly, ule wa ubao: unarusha dadu, unanunua viwanja, unatoza wenzako kodi kwa pesa za kuchezea. Hela ya kweli iliyokuwepo juu ya ile meza ilikuwa ya chai na chapati, basi.

Naomba mnisome hadi mwisho, maana najua kuna watakaoona neno chipu na kuhukumu hapohapo.

Tunacheza kila Jumamosi tangu Aprili. Mimi ni fundi simu. Kuna muuguzi, kuna mwalimu wa sekondari, kuna kijana wa bodaboda, na kuna ndugu wawili wanaobeba magunia ghala la korosho. Ubao ni wangu, niliupata mtumbani. Ulikuja na kila kitu isipokuwa pesa za kueleweka. Monopoly ya siku hizi inatakiwa iwe na noti 210, aina saba, kila aina noti 30, jumla dola 20,580 za kuchezea. Zangu nilipozihesabu hazikufika 170, na nyingi zimekunjwa kama tiketi za daladala.

Sasa zipeleke noti hizo barazani Mtwara kipindi cha kusi. Upepo unaingia kutoka baharini, noti zinaruka, mtu anakimbilia barabarani kuokota mia zake huku bajaji zinapiga honi. Ukiziwekea kikombe juu, kikombe kinaacha duara la chai. Na watu wanakula. Mtu anamega andazi, anapokea kodi ya nyumba kwa vidole vilevile. Kufika Juni noti za 500 zilikuwa zinang'aa mafuta, ukiiinua moja kwenye mwanga unaona kidole cha mwenzako upande wa pili. Siku moja mbili zilishikana, mwalimu akalipa 1,000 akidhani analipa 500. Tuligundua raundi tatu baadaye. Tulikaa nusu saa tunabishana nani arudishe nini, na ule mchezo haukuisha.

Sheria ya Monopoly inasema benki haifilisiki. Pesa zikiisha, mshika benki aandike kiasi kwenye karatasi yoyote ya kawaida. Tukakata daftari, tukaandika kwa peni. Wiki ya pili zikaonekana noti za daftari ambazo hakuna anayekumbuka kuziandika. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba pesa inayotengenezwa kwa peni na daftari haiwezi kuaminika hata kati ya marafiki.

Ndipo nikaagiza chipu kutoka Dar. Zikaja kwa basi, sanduku la bati, chipu 300. Kila moja ina upana wa milimita 39 na uzito wa gramu 11.5, yaani chipu peke yake ni karibu kilo tatu na nusu. Feni haiigusi. Mafuta ya andazi unafuta kwa kitambaa. Rangi ni tano: nyeupe 100, nyekundu 50, bluu 50, kijani 50, nyeusi 50, na hazina namba. Tukakubaliana nyeupe iwe 1, nyekundu 5, bluu 20, kijani 100, nyeusi 500. Noti ya 10 na ya 50 tukaziacha, hazikutukosesha usingizi. Kila mchezaji anaanza na 1,500 kama kawaida: nyeusi mbili, kijani nne, bluu nne, nyekundu tatu, nyeupe tano. Chipu 18 kwa mtu, 108 kwa watu sita, zinazobaki ni za benki. Thamani ya sanduku zima ni 31,350, kwa hiyo mambo ya daftari yakafa siku hiyohiyo.

Mchezo uliokuwa unatuchukua saa nne ukawa unaisha kwa saa mbili na nusu. Mtu akidaiwa kodi, anasukuma chipu, zinagonga mezani, kila mtu kasikia amelipa. Unatazama kimo cha rundo la mwenzako unajua kabaki na nini, hakuna kuficha noti chini ya paja. Wenzetu Ulaya na Marekani wanafanya hivi miaka mingi, hasa wale wa michezo mirefu ya ubao ya kuendesha kampuni za reli, kama ule uitwao 1830 wa Francis Tresham uliotoka 1986, ambako kampuni inalipa gawio kwa kila hisa, na benki ya 12,000 ikiisha mchezo umefikia mwisho. Kwa malipo ya namna hiyo karatasi inakuchosha kabla hujafika katikati.

Na asiniambie mtu ni uzungu. Benki Kuu yetu mwaka 2014 ilileta sarafu ya 500, ile yenye sura ya Mzee Karume na nyati, kwa sababu noti ya 500 ilikuwa inapita mikono mingi na kuchakaa haraka. Hoja ni ileile! Pesa inayoshikwa mara nyingi haifai kuwa karatasi.

Turudi Jumamosi.

Tupo katikati ya mchezo. Meza ya jirani alikaa mzee mmoja, tulimwamkia vizuri, akaitikia. Chipu zangu pembeni zina vipicha vya kopa na shupaza, ndivyo kiwanda kilivyozitoa. Mzee akanyanyua simu, akapiga picha rundo la benki, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: vijana wanacheza kamari mchana kweupe. Hakuuliza hata swali moja. Alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa!

Dakika ishirini baadaye mjumbe huyu hapa. Nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenye sanduku?"

"Langu mzee. Huu ni mchezo tu, hizi ni badala ya zile noti za karatasi. Karibu ukae nikuoneshe."

"Kasino hiyo. Mimi nimeziona kwenye sinema. Wazazi wenu waje kwangu."

Wazazi wangu! Nina miaka 31 na watoto wawili. Akafunga sanduku, akaondoka nalo, chipu za watu sita zikiwa bado mezani, akarudi akazikomba kwa mkono kama anakomba karanga. Mama mwenye mgahawa, ambaye tumekula kwake miezi yote hii na hatujawahi kumdai wala kudaiwa, akaja ananong'ona: "Wanangu, mimi nawajua, ila fungasheni tu, nisije nikafungiwa." Yeye sina ugomvi naye. Aliogopa.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Mita hamsini kutoka pale kuna banda lenye mashine mbili za dubwi. Watoto wa sare wanatoka shule wanatumbukiza sarafu za 200, za kweli, za kununulia daftari. Nimewaona kwa macho yangu, na mjumbe anapita pale kila siku kwenda nyumbani kwake. Hakuna picha inayorushwa kwenye kundi. Vibanda vya kubeti vimejaa, watu wanaweka mkeka kwa hela ya mboga. Lakini vidude vya plastiki visivyonunua hata kiberiti ndivyo vimekuwa hatari kwa maadili ya Mtwara.

Nchi hii ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 na ina Bodi inayotoa leseni. Kubahatisha ni kuweka dau la kitu chenye thamani ukitegemea kushinda kitu chenye thamani. Kwetu ukishinda unapata nini? Unapanga chipu kwenye sanduku, kwa sababu kwetu mshindi ndiye anayefungasha.

Upande wa dini, mimi ni Muislamu na Suratul Maida aya ya 90 naijua. Kamari ni haramu na sijawahi kubeti hata siku moja. Kama hoja ya mjumbe ni dadu, angesema dadu, ningemsikiliza, maana najua wapo masheikh wanaoikataa dadu yenyewe. Lakini hakugusa dadu. Ludo inachezwa kila baraza kuanzia Mikindani hadi Lindi na dadu hiyohiyo, wakati mwingine na wazee hao hao. Bao ina kete 64 za komwe, zinahesabiwa, zinatekwa, zinarundikwa, na hakuna aliyewahi kuziita kamari. Kete ni kihesabio. Chipu ni kihesabio. Tofauti ni kwamba moja mjumbe kakua nayo na nyingine kaiona kwenye sinema.

NYONGEZA 1: Mkuu uliyeuliza kwa nini nisitumie visoda au punje za mahindi: tulijaribu visoda kabla ya noti za daftari. Havipangiki, vikifika vinne vinateleza, na rangi tano za visoda zenye idadi ya kutosha hukusanyi leo wala kesho. Mahindi kuku wa mama waliyala.

NYONGEZA 2: Dada unayesema nikwangue vile vipicha vya pembeni, ni kweli, kama ningejua mapema ningeagiza zile za rangi tupu. Nikirudishiwa nitazipiga msasa zote 300, sioni shida. Ila wewe mwenyewe unaona: mtu ahukumiwe kwa kopa na shupaza zilizochapwa ukingoni?

NYONGEZA 3: Nimetoka kwa mjumbe jioni hii. Sanduku lipo, nimeliona juu ya kabati lake, mjukuu wake anachezea chipu nyeusi mbili sakafuni. Amesema nije Jumatatu na barua ya mtendaji. Nimeomba zile mbili zirudishwe ndani, maana zikipotea benki imepungua 1,000. Akaniambia nisimfundishe.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Barua nitakuwa nayo, na ubao nitaubeba. Nitamwekea 1,500 zake mbele, nyeusi mbili, kijani nne, bluu nne, nyekundu tatu, nyeupe tano, nimwombe acheze raundi moja. Muuguzi kasema atakuja, zamu yake inaanza mchana.