Naomba ushauri: riwaya imekwama sura ya saba

Ndugu wanakikundi, habari za wakati huu. Ninaishi Mikindani, na kwa miezi minane nimekuwa nikiandika riwaya kuhusu familia moja ya Umatumbi, eneo la vilima karibu na Kilwa, wakati wa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, 1905 hadi 1907. Huamka saa kumi alfajiri nikaandika kwa mkono hadi adhana, na awali nilikuwa nikipata kurasa mbili. Lakini tangu msimu wa korosho uanze ninarudia aya ileile, ambamo bibi anamficha mjukuu ndani ya kihenge, kisha ninachana karatasi. Nimejaribu kupumzika wiki mbili (kumbe nilijiongezea uvivu tu) na kujisomea kwa sauti. Je, niiruke sura hii niendelee mbele? Na wenzangu mnaotunga habari za kale, utafiti huwa mnaufunga lini?