Amapiano imechuja, au logi ndiyo imechoka? Tupeane uzoefu

Vinanda

Wakuu, salaam. Kila kona sasa ni kauli ileile: amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, imechuja, ukisikia ngoma moja umezisikia zote, na kidole kinaelekezwa kwa logi (log drum), ile besi yenye mlio wa kugonga ubao. Uzi huu ni wa wanaotengeneza biti, wanaochanganya sauti na wanaopiga diski. Tusiishie kwenye "zamani ilikuwa tamu". Leta kitu cha kupimika: sehemu gani ya biti imechakaa, kwa sababu gani, na inarekebishwaje.

Nafungua na kinanda, maana ndiko jina lilikotoka. Ile *ama-* ya Kizulu ni ndugu wa *ma-* yetu. Amapiano ni mapiano. Mtindo ulipochipuka kwenye vitongoji vya mkoa wa Gauteng, yaani Johannesburg na Pretoria, katikati ya miaka ya 2010, uliobeba mzigo ni mkono wa mpiga kinanda: kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) za kijazi zenye noti ya saba na ya tisa, solo ya ogani juu ya besi ya deep house, na mwendo wa taratibu uliorithiwa kwa kwaito, muziki wa vitongoji wa miaka ya 1990. Logi ilikuja baadaye ndipo ikakaa mbele.

Sasa sikiliza biti nyingi za leo. Kodi mbili, Am na F, noti tatutatu, kwenye baa nne (baa moja ni midundo minne) zinazojirudia toka mwanzo hadi mwisho. Kwa mwendo wa midundo 112 kwa dakika, baa nne ni sekunde 8.6. Ngoma ya dakika sita inamrudishia msikilizaji mzunguko uleule mara 42. Logi iwe tamu kiasi gani, sikio litachoka tu.

Marekebisho ya kwanza hayahitaji plagini (programu ya nyongeza ya sauti). Iachie logi noti ya mzizi (kwenye Am ni A), usiipige kwenye kodi. Am9 ipige hivi kutoka chini kwenda juu: C, G, B, E. Kwenda Dm9, C na E zibaki palepale. G ishuke kwenye F, B ishuke kwenye A. Vidole viwili vimesogea toni moja moja, basi, lakini chumba kizima kimebadilika rangi. Kosa la kawaida ni kunakili umbo moja la mkono na kulisogeza lote juu na chini. Hapo kila kodi inaruka, kinanda kinagongana na sauti ya mwimbaji, na mtu anaishia kukipunguza kwenye mchanganyo mpaka hakisikiki. Kisha anashangaa kwa nini imebaki logi peke yake.

FundiMitambo

Vinanda umefungua vizuri. Nishike logi yenyewe.

Sauti hii ilikuwemo tayari ndani ya FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, kwenye plagini ya Fruity DX10, na anayetajwa sana kwa kuigeuza kuwa besi ya amapiano ni mtayarishaji MDU aka TRP. DX10 ni sinthesaiza ya FM: wimbi moja linatikisa jingine, na mtikisiko huo ndio unaozaa ule mlio wa kugonga ubao. Kilichochakaa si FM. Kilichochakaa ni faili lilelile la logi lililorekodiwa mara moja, likashindiliwa saturesheni (kukwaruzwa sauti ili inenepe), likasambazwa kwenye vifurushi vya sampuli. Mtu analidondosha kwenye sampla (chombo kinachopiga sauti iliyorekodiwa) na kulipiga kwa noti zote. Sampla ya kawaida ikishusha noti oktava moja, inaicheza sampuli kwa nusu ya kasi. Ule mgongo-ubao wa mwanzo, yaani mlio wa kugonga, uliokuwa wa milisekunde 40 unakuwa wa 80, logi inazubaa. Ikipanda, inakatika mapema. Kasoro hiyo nayo inanakiliwa, ndiyo maana logi za watu kumi zinafanana hadi pale zinapokosea.

Itengeneze mwenyewe, ni kazi ya dakika kumi kwenye sinthesaiza yoyote ya FM yenye mawimbi mawili. Yote mawili yawe ya saini (sine), wimbi laini kabisa. Linalotikisa liweke uwiano wa 1 kwa besi nene, 2 au 3 ukitaka ubao usikike zaidi, na lififie hadi sifuri ndani ya milisekunde 40 hadi 80. Linalosikika lianze papo hapo na lififie kwa milisekunde 350 hadi 600, bila kushikilia. Pichi yake ianze nusutoni 7 hadi 12 juu ya noti na kushuka ndani ya milisekunde 25. Halafu kitu ambacho wengi wanakiruka: unganisha nguvu ya noti na kiasi cha mtikisiko. Noti laini itoke butu, noti kali itoke na meno. Logi isiyo na hilo haina hisia, hata ukiipangia mchoro (mpangilio wa noti) wa kitaalamu kiasi gani. Mwisho iwe ya noti moja kwa wakati, na pale noti zinapopandana iteleze kwa milisekunde 50 hivi.

Masafa: F1 hadi C2, yaani takriban Hz 44 hadi 65. Wa FL Studio muwe makini, programu hiyo inaandika C ya katikati kuwa C5, kwa hiyo F1 ya wengine kwenu inasomeka F2. Wengi wanafuata mafunzo ya programu nyingine, wanapiga oktava nzima chini, kisha wanalalamika logi haina nguvu. Noti ya Hz 22 spika nyingi haziitoi.

Spika ya simu nayo haitoi Hz 50. Msikilizaji wa simu anaisikia logi kwa mawimbi yake ya juu, 100, 150, 200 na kuendelea. Usiisaturishe logi yote; nakili chaneli, kata kila kilicho chini ya Hz 150 kwenye nakala, saturisha hiyo tu, kisha ichanganye ikiwa desibeli 10 hadi 12 chini ya ile safi. Ukikandamiza chaneli nzima, mlio wa kugonga unalala na nafasi ya sauti nyingine inakwisha.

Shekere

Kwa ufupi upande wa shekere, ile kayamba ya kutikisa. Kwa 112, moja ya kumi na sita ya baa ni milisekunde 134. Biti zinazosikika kama mashine zina noti 16 zenye nguvu sawa, zimenasa kwenye mstari. Jaribu nguvu 95, 55, 75, 50, kisha rudia ukibadilisha kidogo kila baa. Noti ya pili na ya nne ya kila fungu zichelewe milisekunde 8 hadi 15, huku kiki (ngoma nene ya chini) ikibaki kwenye mstari. Mvutano unatoka kwenye tofauti hiyo. Ukichelewesha kila kitu kwa kiasi kilekile, hakuna kilichochelewa.

Na shekere moja haitoshi. Iweke ya pili upande wa pili wa stereo, nyembamba zaidi, ipige pale ya kwanza inapopumzika.

BaaNane

Naheshimu mafundi, ila sikubaliani kwamba tatizo ni logi ya kunakili. Tatizo ni muda.

Amapiano ilijengwa juu ya subira. Ngoma ilikuwa na dakika sita, saba, hata zaidi. Utangulizi wa baa 32 ulikuwa sekunde 69 za shekere, kiki laini na kinanda, na logi ilipoingia ilikuwa jibu la swali lililokwishaulizwa. Mtindo ulipotoka nje ya Afrika Kusini ulibanwa uingie kwenye umbo la wimbo wa pop. Tyla, mwimbaji wa Johannesburg, alipopata Grammy mwaka 2024, watu wengi ambao hawajawahi kuisikia ngoma ndefu ya amapiano waliijua logi kama kiungo ndani ya pop. Nampongeza kwa moyo wote, ni ushindi wa Gauteng nzima. Lakini waliofuata nyuma waliokota logi wakaacha subira, na logi bila subira ni besi ya kawaida.

Dakika tatu kwa 112 ni baa 84. Kwa anayelazimika kukaa humo, hesabu inayobakiza subira ni hii: baa 16 za shekere, kiki na kodi, baa 16 sauti ikiingia, logi ipige noti moja tu mwishoni mwa kila baa nne, baa 24 logi kamili, baa 8 bila logi wala kiki, baa 20 za mwisho logi irudi kwa mchoro tofauti. Hiyo noti moja ndiyo inayofanya kazi. Sikio linaisubiri, na inapofunguka baa ya 33 limeshakuwa na kiu.

Makosa ninayoyasikia kila siku: logi kuingia baa ya tano, na kurudi baada ya mapumziko na mchoro uleule hadi noti ya mwisho.

MpigaDiski

BaaNane kagusa pale pale, ila na sisi wa diski tubebe mzigo wetu. Tukikata utangulizi wa kila ngoma na kurukia logi, tunachukua ngoma 20 zenye subira na kutengeneza saa moja isiyo nayo. Halafu umati ukichoka tunasema mtindo umechuja.

Logi ni besi yenye melodi, kwa hiyo kuchanganya amapiano hakufanani na kuchanganya house. Logi mbili zikisikika pamoja hata kwa baa mbili, ni matope. Ngoma inayoingia iwe na besi imezimwa kabisa kwenye ikwalaiza, na ubadilishe zote mbili kwa wakati mmoja kwenye baa ya kwanza ya fungu la baa 16. Mchanganyo mzuri zaidi ni kuingiza utangulizi wa ngoma mpya chini ya mapumziko ya ile inayotoka.

Kasi ni mtego mwingine. Kutoka 112 hadi 115 ni ongezeko la asilimia 2.7. Ukiacha ufunguo wa muziki (key) haujafungwa, ngoma inapanda karibu nusu ya nusutoni, na logi inakosana na kinanda cha ngoma nyingine. Ukiufunga, mashine inanyoosha sauti na noti za chini zinapoteza makali. Panga ngoma kwa ufunguo kwanza, zipishane kwa mdundo mmoja wa kasi, usizidi.

Na logi ipumzike. Dakika 15 za Private School, tawi tulivu la amapiano, ile njia ya Kelvin Momo, kodi ndefu na besi inayonong'ona. Au 3-Step ya Thakzin, ambamo kiki tatu zinachukua nafasi ya kiki nne kwenye baa. Miguu inahisi pengo na kujipanga upya. Au ile mikunjo ya sneya (ngoma kali ya juu) ya Bacardi, mtindo wa dansi wa Pretoria, ambayo Mellow & Sleazy waliirudisha kwenye amapiano. Vyote hivi ni vya nyumba moja, havihitaji uhame mtindo ili upate hewa.

FundiMitambo

BaaNane, nakupa haki yako kuhusu muda. Ila hata hiyo noti moja ya mwisho wa baa nne, ikigongana na kiki haisikiki, na mtu ataongeza nyingine tatu kufidia. Kwa hiyo kiki iwe fupi, milisekunde 120 hivi, mwili wake kwenye Hz 80 hadi 100 ili iikalie logi juu. Kiki ikipiga, logi ishushwe desibeli 3 au 4 kwa saidicheini na irudi ndani ya milisekunde 90. Ukiishusha desibeli 10 kama wanavyofanya kwenye house ya sherehe, logi itapumua kama pampu na mchoro wake utapotea. Chini ya Hz 120 kila kitu kiwe mono.

Shekere

Swali kwa wote: biti ikishakamilika, mnajuaje kwamba imesimama bila kutegemea logi?

Vinanda

Zima chaneli ya logi na ile nakala yake. Cheza baa 32 kwa sauti ya chini, kiasi cha mazungumzo. Sikiliza vitu vitatu: mpito wa kodi kwenye baa ya nne na ya nane, kama kuna jibu la kinanda pale mwimbaji anapovuta pumzi, na kama shekere peke yake inatikisa kichwa. Kimoja kikikosekana, rudi kukirekebisha logi ikiwa bado imezimwa. Ukiiwasha mapema itakifunika na hutakiona tena.