Wauza chakula cha paka Tanga: mbuzi kwenye gunia tumezoea, ila nyie hata gunia lenyewe mnalificha!

Wakuu, mie leo sina salamu. Ni saa sita usiku, paka wangu Chumvi amelala kwenye boksi la sabuni hapa miguuni, koni shingoni, na kila akijigeuza roho yangu inanikata. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa chakula cha kuku. Paka si kuku, na hilo ndilo duka zima limeshindwa kulielewa.

Chumvi ni dume, mweupe, miaka minne, amehasiwa. Nilimwokota soko la Mgandini macho hayajafunguka vizuri, nikamlea kwa mapupu na vichwa vya vibua. Mwaka jana nimehama Makorora kuja Chumbageni, kazi zikabana, muda wa kwenda soko la samaki la Deep Sea alfajiri kugombania samaki na mama ntilie sina tena. Nikaona nami niingie kwenye chakula kikavu. Kuna duka la pembejeo Ngamiani (jina silitaji, sheria za jukwaa nazijua) wanakipima kwa kilo. Kifuko cheupe kisicho na herufi hata moja, fundo juu, elfu kumi na mbili.

Na msiseme sikuuliza. Niliuliza. Cha paka wa umri gani? "Wote tu mama." Kina nyama? "Tena ya samaki, si unaona umbo lake?" Huyu wangu dume kahasiwa, nimesikia wanapata mawe? "Hiki ndicho chenyewe, hakileti mawe." Kwa siku nimpe kiasi gani? "Jaza bakuli, akishiba ataacha."

Miezi mitano nimejaza bakuli.

Ijumaa ile, baina ya Magharibi na Isha, Chumvi akawa anaingia kwenye karai la mchanga, anachuchumaa, anatoka, anarudi. Nilihesabu mara tisa. Nikadhani kafunga choo, nikampa kijiko cha mafuta ya nazi! Naliandika hili na aibu yangu ili mwingine asirudie ujinga huo. Nilipomulika mchanga kulikuwa na tone moja tu, dogo kama la wino, rangi ya chai ya rangi. Kisha akaanza kulia. Si kilio cha njaa, kile nakijua. Hiki kilitoka chini, kama mlango wa bawaba kavu. Kumpapasa tumbo, kibofu kimejaa na kukaza kama ndimu.

Daktari wa mifugo alikuja kufungua kwa ajili yangu saa nne usiku, Mungu ambariki. Akaniambia dume njia yake ya mkojo ni nyembamba, ikiziba mkojo unarudi nyuma kwenye figo, potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unasimama. Siku moja au mbili, basi. Akamlaza kwa dawa, akapitisha mpira wa mkojo, ukatoka mkojo mwekundu karibu glasi ya chai. Tone moja aliliweka kwenye hadubini akaniita nitazame. Wakuu, vile vijiwe vina umbo la vifuniko vya majeneza. Sitii chumvi, ndivyo hata wao madaktari wanavyovifananisha.

Daktari ni mtu wa haki. Hakuniambia kuwa chakula ndicho kilichoziba. Alisema mambo huwa yanaungana: unene (Chumvi alisoma kilo sita na nusu kwenye mizani, paka wa kilo nne na kidogo!), kushinda ndani, kunywa maji machache, na chakula chenye madini ya magnesi na fosforasi mengi kuliko yanavyotakiwa. Halafu akauliza swali dogo tu: "Dada, hicho chakula chako kimeandikwa magnesi asilimia ngapi?"

Nikamtolea kifuko kwenye pochi. Akakigeuza huku na huku, akatazama fundo, akanirudishia bila neno.

Pale ndipo hasira iliponipanda, na mpaka sasa haijashuka. Laki moja na themanini zimeniondoka, sawa, paka ni wangu. Lakini kwa miezi mitano nimenunua kitu ambacho mtaalamu mwenyewe hawezi kukitathmini kwa sababu mwenye duka ameondoa karatasi yote inayokieleza. Anayeuziwa mbuzi kwenye gunia angalau anaona gunia.

Jumatatu nikaenda. Naomba kuliona gunia. "Liko stoo." Nilione. "Mwenye funguo katoka." Jumanne: "Limeisha, hilo jingine." Jingine lipi, na punje ni zilezile za samaki wekundu na kijani? Jumatano nikatokea saa mbili asubuhi bila kupiga hodi, nikamkuta kijana anamimina. Nikawasha tochi ya simu, nikapiga magoti sakafuni nikaanza kusoma. Wateja wa dawa za kunguni wananitazama kama nimepagawa.

Lilikuwa gunia la chakula cha paka kweli, hilo nakiri. Tarehe ya mwisho huchapwa pale juu kwenye mshono, na pale juu pameshakatwa, kipande kimetupwa. Sisemi wamekata makusudi. Nasema haipo.

Sasa viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kizito zaidi mbele. Cha kwanza mahindi. Cha pili mabaki ya kuku. Cha tatu mashudu ya soya, kisha mchele, kisha mafuta ya wanyama. Unga wa samaki nimeukuta nafasi ya saba, baada ya vionjo. Yaani hapa Tanga, nikitema mate yanaangukia baharini, nimekuwa nikinunua mahindi yaliyochongwa umbo la samaki! Na ile rangi nyekundu ni yangu mie mwenye pesa, maana paka nyekundu wala haioni vizuri.

Tarakimu, kwa asilimia: protini ghafi 27, mafuta 9, nyuzi 4, majivu (yaani madini) 9, unyevu 10. Wanga hawakuandika. Hawalazimiki, ndiyo maana hawaandiki. Lakini jumlisha mwenyewe: 59. Toa kwenye mia, zinabaki 41. Hizo ndizo wanga. Mnyama ambaye mate yake hayana hata kimeng'enya cha kuvunja wanga, ambaye ulimi wake hauonji utamu, anapewa sahani ambayo karibu nusu yake ni ugali. Najua kuna atakayesema wanga ukipikwa paka anausaga tumboni, na kwamba punje haishikani mashineni bila wanga. Kweli tupu. Lakini kushikana hakuhitaji 41!

Na hiyo 27 msiifurahie haraka. "Ghafi" maana yake maabara imepima nitrojeni ikazidisha kwa 6.25. Haijauliza imetoka kwenye kidari, kwenye manyoya au kwenye soya. Mwaka 2007 kuna wajanja walichanganya melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, kwenye gluteni ya ngano iliyotoka China, nitrojeni ikapanda, protini ikaonekana nzuri kwenye karatasi, na paka na mbwa Marekani wakafa kwa figo. Kwa kiwango cha AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama cha Marekani, paka mkubwa anahitaji protini isiyopungua asilimia 26 na mtoto 30, baada ya kuondoa unyevu. Ukiondoa unyevu hii 27 inakuwa 30. Kwa hiyo imepita, lakini kwa mtoto imepita kwa kugusa kamba. Na nilichotafuta zaidi, ile sentensi kwamba ni chakula kamili na linganifu kwa paka wa umri fulani, sikuiona upande wowote wa gunia. Bila hiyo sentensi unaweza kuwa unamlisha kitafunwa tu.

Taurini, kirutubisho cha lazima kwa paka, ipo, ya mwisho mwisho. Nawasifu kwa hilo, na si dogo. Paka hawezi kujitengenezea ya kutosha, akiikosa anapofuka na moyo unalegea. Ilichukua mpaka 1987 kwa Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kuonyesha kwamba paka waliokuwa wanakufa kwa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, na walikuwa wanakula vyakula vya dukani. Ndiyo maana ukimpa paka chakula cha mbwa kwa sababu ni rahisi unamuua taratibu. Magnesi? Haikuandikwa. Fosforasi? Haikuandikwa. Na yule kijana alinitazama machoni akasema hakileti mawe.

Bado kuna harufu. Punje zikishaiva hunyunyiziwa mafuta na vionjo kwa nje, ndiyo inayomvuta paka. Mafuta hayo yakikutana na hewa na joto yanaharibika. Mnaijua Tanga, chumvi mezani inageuka uji mwezi wa nne. Sasa gunia liko wazi toka asubuhi mpaka jioni, kopo la maziwa ndani kama kata, bati juu, na pembeni yake mfuko wa dawa ya mchwa. Nilichukua punje nikaipondaponda kwenye kiganja nikanusa: nazi iliyochacha. Nikaenda duka la Barabara ya 12 lenye vifuko vilivyofungwa kutoka kiwandani, nikanunua kidogo, nikanusa, tofauti kama mchana na usiku. Miezi miwili ya mwisho Chumvi alikuwa ananusa bakuli, ananitazama, anakula kwa kulazimika. Nami nikamwita mdekezi!

Nyongeza, saa nne asubuhi. Nimesoma majibu yenu.

Uliyesema paka wa Deep Sea wanakula samaki na hawaumwi: waliokufa uliwazika wewe? Dagaa wabichi wengine wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, ukimpa hivyo tu kila siku anaanza kuyumba na kichwa kinainama. Samaki apikwe, na asiwe peke yake.

Uliyesema watu hawana unga wewe unalilia paka: unga unaonunua dukani mfuko wake una jina la kiwanda na tarehe. Nami nataka hicho hicho tu.

Dada wa Sahare uliyeuliza nampa nini sasa: daktari ameandika chakula maalumu cha mkojo, kinatoka Dar kwa basi, bei sitaki kuikumbuka. Nakipima kwa mizani ya keki, gramu 50 kwa siku, nakiloweka kwa maji ya uvuguvugu kwanza, maana kikavu kina unyevu asilimia kumi wakati panya mzima karibu sabini ni maji. Hawa asili yao ni paka mwitu wa nchi za ukame, kiu kwao ni kitu cha mbali, hawezi kufidia kwa kunywa. Nimeweka mabakuli matatu ya maji nyumba nzima, moja bafuni, na anapenda la bafuni. Sijui kwa nini. Jana amekojoa mara nne, nimeshangilia jirani akadhani timu yetu ya Coastal Union wamefunga.

Na mkuu uliyesema ninatafuta umaarufu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu bidhaa, na FCC, Tume ya Ushindani, ndio wanaoisimamia. Nimeandika maelezo yangu kurasa mbili na picha za gunia nimeambatanisha. Sitafuti umaarufu. Nataka wakipima kwa kilo wakate ubavu wa gunia waubandike ukutani tusome, na kifuko kiandikwe tarehe hata kwa kalamu ya wino.

Nyongeza ya pili, saa nane mchana. Kijana wa dukani amenipigia, sijui nani kampelekea uzi. Kwa adabu zote: "Mama, bosi anaomba uifute hiyo kitu, halafu upitie hapa, amekuwekea kilo mbili bure." Nikamuuliza, mwanangu, kilo mbili za nini?

"Zilezile mama. Za lile gunia."