Naomba ushauri: Nimwanzishie rafiki yangu wimbo upi wa Genesis ya zamani?

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu kuhusu bendi ya Genesis ya Uingereza. Rafiki yangu anashikilia kwamba bendi hiyo ilianza kuwa na maana mwaka 1986, ilipotoa albamu ya "Invisible Touch", na kwamba nyimbo za enzi ya Peter Gabriel, mwimbaji wake wa awali, ni ndefu bila sababu. Mimi naamini kinyume chake kwa moyo wote, lakini maneno matupu hayajambadilisha, hivyo nataka asikilize mwenyewe.

Je, nimpe "Supper's Ready" ya mwaka 1972, yenye takriban dakika 23, au nitamkimbiza? Nafikiria zaidi "Firth of Fifth" ya mwaka 1973. Tony Banks anaufungua wimbo kwa piano peke yake. Baadaye Gabriel anapiga melodi kwa filimbi, na melodi hiyo hiyo inarudi kwenye gitaa la Steve Hackett, ikivutwa polepole kiasi kwamba kila noti inapata nafasi ya kupumua. Kwangu, hapo ndipo urefu wa wimbo unapojitetea.

Upo pia uwezekano wa kupitia "A Trick of the Tail" ya mwaka 1976, albamu ya kwanza baada ya Gabriel kuondoka, kwa kuwa Phil Collins, ambaye rafiki yangu anampenda sana, ndiye anayeimba humo huku akiendelea kupiga ngoma. Mnaoifahamu bendi hii vizuri, mngeanza na ipi, na je, asikilize albamu nzima au wimbo mmoja kwanza?