Adui kuhamia uwanjani kwako au kocha wako kuhamia kwa adui, lipi lauma zaidi?

RossoneriKisauni:
Assalam alaykum wadau. Jana baada ya isha maskani kulichemka, kidogo watu watoane ngeu, na kisa chenyewe ni San Siro, uwanja wa kule Milan, Italia, ambao hakuna hata mmoja wetu amewahi kuukanyaga lol. Mimi ni Milan tangu enzi za Shevchenko na kuna jamaa yangu ni Inter kufa kupona, sasa yeye ashikilia ati sisi na wao si mahasimu wa kweli manake watu wanaochukiana hawanunui nyumba pamoja. Kwa wasiofuatilia, ule uwanja ulikuwa mali ya manispaa, Septemba 2025 baraza la mji likapiga kura likakubali kuziuzia klabu zote mbili kwa euro milioni 197, na mpango ni wajenge mpya hapo kando wa watu elfu 71 na ushee kisha ule mkongwe ubomolewe sehemu kubwa. Yaani Inter walihamia pale 1947, wamekaa na sisi miaka yote hiyo wakilalamika, wamepata nafasi ya kwenda zao, na badala ya kwenda zao wameandikisha hati pamoja na sisi!

Mimi nikamwambia hilo halinisumbui, mimi kinachonikata maini ni kocha. Leonardo alichezea Milan, akawa kocha wetu mpaka 2010, mwaka huo huo Disemba twasikia yuko Inter. Disemba! Sawa, na sisi tulilipiza, kocha wao Pioli walimfuta 2017, sisi tukamchukua 2019 na 2022 akatupa skudeto, yaani ubingwa wa Italia, na wao wakiwa wa pili, lakini ile ya Leonardo haijanitoka.

Sasa swali, na mtu asinijibu "zote mbili". Ukilazimishwa, wachagua lipi?

Toffee_Mvita:
Uwanja. Tena sihitaji hata kufikiri.

Chekeni kwanza, najua sisi Everton hapa Mombasa twaenea kwenye tuktuk moja na nafasi ya kuweka mkungu wa ndizi yabaki, lakini nisikizeni. Anfield ilikuwa yetu. Tulicheza pale tangu 1884, ubingwa wa 1891 tuliuchukua tukiwa pale pale, halafu ikaja shida ya kodi na huyu mwenye uwanja John Houlding, mara apandisha, mara ugomvi wa ndani ya klabu, 1892 tukafungasha virago tukavuka bustani ya Stanley Park tukajenga Goodison. Houlding akabaki na uwanja mtupu. Afanye nini na uwanja mtupu? Akaunda timu yake mwenyewe, ndio hiyo Liverpool mwavaa jezi zake mtaani. Adui yetu alizaliwa kwa sababu ya kodi wallahi. Miaka ya 2000 kuna watu wakaja na wazo la kujenga uwanja mmoja wa pamoja hapo Stanley Park, pande zote mbili zikakataa, na sisi 2025 tumeondoka Goodison tumeenda kwetu wenyewe kule bandarini.

Hilo la kocha pia limetupata. Benitez, aliyewapa wale Liverpool kombe la Ulaya 2005 kule Istanbul, aliyetuita timu ndogo 2007, 2021 akaletwa awe kocha wetu sisi hao hao wadogo. Kabla yake aliyesimamia timu zote mbili ni mtu mmoja tu, Barclay, na huyo ni wa hiyo hiyo miaka ya 1890. Siku aliyotangazwa nilizima simu nikalala. Lakini niwaambie ukweli, alipoanza vizuri tulinyamaza wote, mdomo ulirudi tulipoanza kufungwa, Januari 2022 akapigwa kalamu. Angeendelea kushinda ningemchinjia mbuzi na ya Istanbul ningeyasahau.

Mnyama_Bamburi:
Nyote mko Ulaya na hapa jirani Dar kuna sinema kubwa kuliko hizo. Uwanja wa Mkapa ni wa serikali, watu elfu 60, si wa Simba wala si wa Yanga, lakini siku ya dabi yule aliyeandikwa mwenyeji kwenye ratiba hujiona funguo ziko mfukoni kwake. Machi 8 mwaka 2025 mwenyeji alikuwa Yanga. Kanuni yampa mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi siku moja kabla, Simba wakaenda usiku wake, wakasema wamezuiwa getini, wakatoa taarifa hatuchezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga nao wakaja juu wataka pointi zao, watu wametoka mikoani na mabasi, tiketi wamenunua, mechi hakuna, ikavutwa vutwa hivyo mpaka Juni 25 ndio ikachezwa. Matokeo yake si muhimu kwenye huu mjadala.

Kocha mimi hanisumbui. Fadlu Davids katuacha Septemba 2025 kaenda Raja Casablanca, nikasema haya kila la heri. Dylan Kerr tulimfuta Simba Januari 2016, akaja hapa kwetu Kenya akawapa Gor Mahia ubingwa 2017 na 2018, vizuri tu. Madamu hajavuka kwenda Jangwani kwa Yanga.

Mwananchi_Likoni:
Yanga 2-0. Nimekusaidia kutaja.

Mnyama_Bamburi:
@Mwananchi_Likoni nilijua tu utatokea, kwenye mambo ya maana haupatikani

BintiMajengo:
Kaka zangu mwauliza swali lakini kitu chenyewe mwakipita kando. Kugawana uwanja hakuna ubaya wowote, ubaya waanza mmoja wenu akiwa ndiye mwenye nyumba. Hizi nyumba zetu za Majengo si mwazijua, vyumba sita, ukumbi mmoja, choo kimoja uani, wapangaji watagombania zamu ya kufagia mpaka Kiyama na maisha yaendelea, ila siku mpangaji mmoja akiinunua ile nyumba, wewe uliyebaki anza kutafuta mkokoteni.

Angalieni Munich. Allianz Arena ilifunguliwa 2005, nusu ya Bayern nusu ya klabu ya 1860 Munich, siku ya Bayern ukuta wa nje unawaka mwekundu na siku ya 1860 unawaka buluu, raha mustarehe. 1860 wakaishiwa pesa, mwaka mmoja tu baadaye, 2006, wakauza nusu yao kwa Bayern kwa euro milioni 11. Hebu fikirieni, uwanja uliojenga nao sasa unamlipa kodi hasimu yako. 2017 wakashuka mpaka daraja la nne wakarudi kwenye kiwanja chao cha zamani cha Grünwalder na sasa Allianz yote ni ya Bayern, hiyo buluu hakuna anayeiulizia. Sasa kaka @RossoneriKisauni, rafiki yako asema Milan na Inter kununua pamoja ni mapenzi, mimi naona ni kuogopana. Kila mmoja anahakikisha mwenzake hatapata siku ya kumwambia toka.

Na Mashemeji nao, K'Ogalo (Gor Mahia) na Ingwe (AFC Leopards), wagombana nini kuhusu uwanja? Hakuna mwenye wake. Nyayo na Kasarani za serikali, City Stadium ya kaunti, zikifungwa kukarabatiwa wote wawili watangatanga kuomba viwanja vya watu. Mimi ni Ingwe na nasema hivi kwa uchungu, ningekubali kugawana na Gor mpaka mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo kama hati ingekuwa na majina yetu mawili.

Kocha ni mwajiriwa. Ana watoto wataka karo. Mwacheni aende anakolipwa.

UnitedDamu001:
Sisi adui alitupa nyumba na tukaishi. Old Trafford, uwanja wetu Manchester United, ilipigwa mabomu na Wajerumani 1941, tukaenda kucheza Maine Road kwa City mpaka 1949, kwa kulipia lakini, si bure. Na moja ya mechi za ligi zilizojaza watu wengi kabisa kule Uingereza ni United na Arsenal Januari 1948, zaidi ya watu elfu 80, imechezwa hapo hapo Maine Road! Yaani rekodi ya mashabiki wetu iko kwenye uwanja wa City. Uwanja haunisumbui hata kidogo.

Kocha ndio usiniulize. Tangu Ferguson atoke 2013 tumepita Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjaer, Rangnick, Ten Hag, Amorim, adui akimtaka yeyote hapo aje amchukue, hata nauli nachanga.

Toffee_Mvita:
Moyes sisi tumemchukua tena Januari 2025 na ametutoa kwenye shimo, kwa hiyo nauli yako yangoja wapi? Nitumie kwa simu

Docker_Mbaraki:
Yaani mada imeanzishwa na mtu wa Kisauni, wamechangia Likoni, Bamburi, Majengo, na hakuna hata mmoja aliyetaja Bandari, timu ya Mombasa. Haya.

Sisi uwanja tunao, Mbaraki, wa KPA (mamlaka ya bandari), hatugawani na hasimu yeyote. Je umetusaidia? 2019 tumechukua kombe la Shield la Kenya, tumewafunga Kariobangi Sharks fainali, kocha akiwa Mwalala (na nyie wa Yanga mwamjua vizuri, alikuchezeeni), tukapata tiketi ya kombe la shirikisho la CAF. Mechi za nyumbani tumechezea wapi? Kasarani! Nyumbani kwetu karibu kilomita 500 kutoka nyumbani. Mtu wa Changamwe apande SGR, alale Nairobi, aone timu yake "ikikaribisha wageni". Tuliwatoa Al Ahly Shendi ya Sudan, tukawatoa Ben Guerdane ya Tunisia, Horoya ya Guinea ndio wakatukata, na hayo yote mimi nimeyaona kwa kioo cha simu kilichopasuka, tena hapa Mombasa, ambako ndio kwao timu. Kwa hiyo dada @BintiMajengo naomba nikuongezee, hata kuwa mwenye nyumba hakutoshi kama nyumba yenyewe haikubaliki kupokelea mgeni. Ule wa manispaa pale mjini ukikamilika ukawa wa kiwango cha CAF mimi nitagawana na yeyote, leteni Gor, leteni Ingwe, leteni Simba na Yanga kwa pamoja, mradi Jumamosi usiku wa mechi ya Afrika nitoke kwangu na ndala nifike kwa miguu.

Na kocha jamani sisi mbona tushazoea. Mwalala alipoondoka, baadaye akaletwa Cassa Mbungo, ambaye naye alikuwa Leopards. Hakuna aliyemzomea. Tulimuuliza tu mabao yako wapi.

MzeeWaTononoka:
Vijana nimewasoma kutoka juu mpaka chini. Swali zuri, ila nashangaa uhasama wenu wote umeagizwa kutoka nje. Hapa kulikuwa na Feisal, na kulikuwa na Liverpool, si hiyo ya Houlding ya kijana wangu hapo juu, Liverpool ya Mombasa hii hii. Zote mbili zilikuwa kwenye ligi ya taifa tangu ilipoanza 1963, na 1965 Feisal ndio mabingwa wa Kenya. Tangu mwaka huo ubingwa wa ligi haujarudi Pwani, hesabuni wenyewe. Adui wako ulikuwa wamwona msikitini, wakutana naye sokoni Mackinnon akuuliza "vipi jana?" hali ajua vizuri vipi jana. Uwanja ulikuwa mmoja kwa kuwa mji ni mmoja, na hakuna aliyekaa kuuliza ni wa nani.

Kuhusu kocha, wakati wetu tulimjua kwa sauti tu, hatukuwa na habari ya mkataba wake.

BintiMajengo:
Mzee shikamoo. Hilo la 1965 laumiza zaidi ya San Siro na Allianz zote, miaka yote hiyo na mji wenye watu hivi

NerazzurriMtwapa:
Huyo jamaa wa Inter wa maskani ndio mimi, na naona nimesemwa nikiwa sipo.

Sikusema hakuna kelele baina yetu. Mwataka kujua raha ya kugawana uwanja? 2003, nusu fainali ya klabu bingwa Ulaya. Mechi ya kwanza Milan "wenyeji", 0-0. Ya pili sisi "wenyeji", Sheva (Shevchenko) akafunga, Martins akasawazisha, 1-1, na Milan wakapita kwa bao la ugenini, manake enzi hizo mkitoka sare bao la mgeni lilihesabiwa zaidi. Ugenini wapi??? Nyasi zile zile, magoli yale yale, wachezaji wamelala vitanda vyao! Tumetolewa kwa bao la ugenini nyumbani kwetu na wao wakaenda kuchukua kombe Old Trafford. Halafu 2005 robo fainali twafungwa tena, watu wetu wakarusha fataki mpaka zikampata Dida, kipa wa Milan, begani, refa akavunja mechi.

RossoneriKisauni:
Ngoja ngoja. Jana si wewe uliyesema sisi si mahasimu wa kweli? Watu wasiokuwa mahasimu ndio hurushiana fataki?

NerazzurriMtwapa:
Nilisema hamtutishi, wewe ukasikia unavyotaka. Na swali lako nalijibu, mimi nachagua kocha avuke, tena aje mbio. Leonardo mlituletea wenyewe na 2011 akatupa Coppa Italia, hata asante hatukuwahi kuwapa. Shukran.